Dada Fundi Wawili

Siku ya nne tangu mtandao uzimwe, kibanda changu cha kutengeneza simu kilikuwa na foleni ndefu kuliko zahanati. Wote walifuata kitu kimoja tu: ile programu inayopitisha ujumbe kwa Bluetooth, kutoka simu hadi simu, bila laini wala bando. Simu yako inampa jirani, ya jirani inampa wa mbele yake, mpaka ujumbe unamfikia mwenyewe. Wa katikati hawawezi kuusoma. Mimi ndiye niliyeileta mtaani, na nilitamba nayo utadhani nimeiunda kwa mikono yangu.

Ila kwa jambo moja nilikuwa mkali. Humo ndani jina si kitu, kila mtu anajiandika anavyotaka. Kwa hiyo niliwasimamisha watu uso kwa uso, kila mmoja aipige picha alama iliyo kwenye simu ya mwenzake, ndipo jina litokee na tiki ya kijani. Mume na mke walinuna, nikawafokea wote wawili. Hata shangazi yangu, na magoti yake mabovu, nilimsimamisha hivyo hivyo tukakaguana.

Mdogo wangu sikumkagua.

Alikuja mbiombio siku ya pili, bado amevaa sare ya uuguzi. Wakubwa wa usalama walitaka orodha ya majeruhi wa maandamano waliolazwa wodini kwake. Akaichana mbele yao, na sasa alikuwa anatafutwa. Nilipomwambia atoe simu tukaguane, alicheka.

"Mimi na wewe, dada? Tumenyonya ziwa moja, halafu unataka kitambulisho?"

Nikaona haya. Nikamwambia nipo humo kwa jina la Dada Fundi, nikamsukuma aende kujificha kwa shangazi, ng'ambo ya soko. Ilikuwa kazi ya nusu dakika, nami sikuifanya.

Siku hiyo ya nne, saa saba na nusu mchana, simu yangu ikatetemeka. Alikuwa shangazi, na tiki yake ya kijani: "Mdogo wako ametoka. Anasema umemwita kituo cha mafuta saa nane, umepata gari la kumtoa mjini. Mbona mimi hukuniambia?"

Sikumwita. Sikuwa na gari. Bisibisi ilinidondoka, na wateja wakaanza kuniuliza kama naumwa.

Nikamwandikia: "Si mimi niliyekuita. Rudi kwa shangazi sasa hivi." Kando ya ujumbe ikatokea alama ya kusubiri, nayo haikuondoka. Umeme ulikuwa umekatwa tangu asubuhi, na watu walikuwa wamezima simu wabane chaji. Programu nzuri kweli, ila bila simu za watu katikati ni pambo tu. Nikakiacha kibanda wazi na simu za watu mezani, nikatoka mbio kuelekea kituo cha mafuta.

"Washeni simu! Jamani, washeni simu!"

Fundi cherehani akachungulia mlangoni. "Kuna nini, mama?"

"Washa tu, mwenzangu, nakuomba! Nitakuchajia bure mwezi mzima!"

Akawasha. Kinyozi naye akawasha, mteja wake amekaa na povu nusu ya uso. Muuza viatu alinitukana kwanza, kisha akawasha. Nilikuwa nalia huku nakimbia, wala sikujali nani ananiona. Nilipofika duka la rangi, alama ikabadilika: umefika. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Jibu likaja mara moja. "Hapa kuna Dada Fundi wawili. Mmoja ananiita, mmoja ananirudisha. Aliyeniita anasema wewe ndiye uliyeiba jina. Wewe ni nani?"

Nikasimama katikati ya barabara. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. "Goti lako la kushoto lina kovu la pasi. Mimi ndiye niliyekuunguza, tukamdanganya mama kwamba uligusa jiko. Ni mimi, mdogo wangu. Kimbia!"

Alama ya kusubiri ikarudi. Huko mbele hakukuwa na maduka tena, ni kuta za maghala tu, hakuna mtu. Huenda yeye alikuwa amesogea, huenda kinyozi alikuwa amezima. Nikakimbia simu nimeinyanyua juu, kama mwendawazimu.

Kituo kilikuwa kimefungwa kwa mnyororo. Mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa ameketi kivulini.

"Kijana aliyevaa sare ya hospitali?" akasema. "Wamemchukua sasa hivi. Gari lile pale."

Gari jeupe la vioo vyeusi lilikuwa linakunja kona polepole, wala halikuwa na haraka.

"Alikaa hapa anatazama simu tu," mzee akaendelea. "Akaniuliza, 'Mzee, una dada wawili, mmoja anakuita, mmoja anakufukuza. Ungemsikiliza yupi?' Nikamwambia, mwanangu, anayekuita ndiye anayekupenda." Akanitazama usoni. "Nilikosea, mama?"

Simu ilitetemeka mkononi mwangu. Ujumbe wa goti ulikuwa umefika kwenye simu yake mle garini, na kabla gari halijapotea, ukasomwa.