Kilo Thelathini na Moja

Mimi nauza unga. Mwaka wa ishirini na mbili huu nanyanyua mifuko ya kilo ishirini na tano kuitoa stoo, kwa hiyo usije kunifundisha uzito. Mjukuu wangu ana miaka mitatu. Namwita mume wangu, maana ndiye pekee anayenisikiliza nyumbani. Asubuhi ile nilimbeba mgongoni hadi zahanati, anachemka kwa homa, kifua kinakoroma.

Nesi akamweka kwenye mzani mpya, ule wa namba zinazowaka, akaandika kwenye kishikwambi. Nesi huyu si mgeni kwangu. Ndiye aliyempokea mume wangu siku alipozaliwa. Enzi zile alimtazama mtoto tangu mlangoni akasema, "Huyu hafiki kilo kumi," na kweli hafiki. Siku hizi wameletewa akili mnemba. Ukiingia hakuangalii wewe, anaangalia kioo.

"Kilo thelathini na moja," akasoma. Kioo kikampa kipimo cha dawa, akaanza kuivuta kwenye sindano.

"Ngapi?" nikauliza.

"Thelathini na moja, mama."

"Huyu? Hebu mtazame."

Hakumtazama. "Imeshapiga hesabu, mama. Haikosei hiyo."

Jamani! Mtoto yuko mbele yake, kaptula inamporomoka kwa wembamba, na mtu mzima ananiambia haikosei. Nilipandwa na hasira. Nikamkumbatia mjukuu wangu, nikamfunika paja.

"Humchomi."

"Unamchelewesha mtoto, mama. Akizidiwa usinilaumu."

Hilo liliniuma, kwa sababu kweli alikuwa anazidiwa. Pumzi zilikuwa fupi, macho ameyafumba. Kama nimekosea, basi namuua mwenyewe kwa ubishi wangu. Nikasema tena, humchomi, niitie daktari.

Daktari akaja, kijana wa miwani, mpole, nikashukuru Mungu. Unajua alifanya nini? Alichukua kishikwambi! Akakisoma juu mpaka chini, akatikisa kichwa kukubali.

"Kipimo kiko sawa, mama. Tumethibitisha."

"Mmethibitisha na nani? Si mmekiuliza hichohicho!" Nilipiga kelele mpaka akina mama wa foleni wakaja kuchungulia mlangoni. "Miaka yote ile mmesoma, leo mnasomewa? Haya, akili mnemba ndiyo hiyo. Ya kwenu mmeiweka wapi? Mbebe!"

"Mama, tulia kwanza..."

"Nimesema mbebe!" Nikamsukumia mtoto kifuani.

Akampokea, angefanyaje. Akasimama naye, akampandisha kidogo begani, na hapo nikaona uso unambadilika.

"Huyu hana hata kumi na tano," akasema polepole.

Nesi akamtazama mtoto, mara ya kwanza tangu tuingie. Sindano bado alikuwa nayo mkononi, imejaa.

Daktari akanirudishia mjukuu wangu, akapanda mzanini mwenyewe. Mia moja hamsini na nne. Akaugeuza mzani, akakuta kitufe kwa chini. "Uko kwenye paundi," akasema. "Hakuna aliyeuweka kwenye kilo."

Nesi akamwaga ile dawa. Akaomba kalamu, akapiga hesabu kwenye karatasi, akafuta, akarudia, midomo inacheza kama mtoto wa darasa la pili. Nilimwonea huruma na bado nilitamani kumzaba kibao. Daktari akaipitia mstari kwa mstari. Mume wangu akachomwa dawa isiyofika hata nusu ya ile ya kwanza, akalia kwa sauti, nami nikafurahi kumsikia.

Pale ningenyamaza. Sikuweza.

"Dawa hii ikizidi inafanya nini?"

"Inaharibu figo," daktari akasema. "Na masikio."

"Na mzani huu mmeuleta lini?"

"Jumatatu," nesi akajibu.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. "Sasa niambieni. Tangu Jumatatu mmechoma watoto wangapi?"

Wakatazamana. Mmoja wa wale akina mama akaingia ndani, amemshika bintiye mkono.

"Wangu mmemchoma siku tatu mfululizo," akasema. "Tangu jana nikimwita hageuki."