Suruali za Kikosi

Mtaa mzima ulimwita Mama Sindano, na si kwa sababu ya ushonaji peke yake. Asubuhi ile malori ya jeshi yalisimama mbele ya kibanda chake kupoza injini kabla ya kuelekea vitani. Akamwona askari mmoja akimpigia saluti mkubwa wake kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshikilia suruali isimwanguke.

"We mwanangu! Utapigana vita kwa mkono mmoja?"

Askari akaona haya. "Zimekuja saizi moja tu, mama. Ya mtu mnene."

"Ingia. Vua."

"Nivue?"

"Ukibaki ndani yake nitakushona na wewe."

Wifi yake, aliyekuwa akipiga pasi, akamrushia pazia la mteja ajifunge. Kufumba na kufumbua habari zikaenea, na benchi likajaa askari tisa: huyu kajifunga pazia la maua, yule kitambaa cha meza, wa mwisho sketi ya bi harusi. Mama Sindano akakanyaga cherehani mpaka goti likamwuma. Hakuwauliza wanapelekwa wapi hasa. Aliogopa jibu.

Mara mlango ukazibwa na mkuu wa kikosi.

"Simama wima!"

Wote wakaruka, wakapiga saluti. Mapazia yakateremka. Wifi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Mama, hiki ni nini?"

"Afande, vita sikuvianzisha mimi, na kuvimaliza siwezi. Suruali naziweza."

Mkuu akawatazama vijana wake wakiokota mapazia. Akavua kofia, akasogea karibu na cherehani, akashusha sauti. "Yangu inabana."

"Naona, baba. Vifungo vinalia."

Akapewa shuka, akaketi benchini na wenzake. Hakuna aliyethubutu kucheka, ingawa mmoja ilibidi aume kofia yake.

Adhuhuri wakapanda malori, kila mtu na kiuno chake. Mama Sindano alikuwa ndiyo kwanza ameketi alipojipiga paja. "Wifi! Tumewavua, tumewavisha, hata chai hatujawapa!"

Akatoka mbio na birika, wifi nyuma na vikombe, wakipiga kelele kama walioibiwa. Lori la mwisho likafunga breki. Mkuu akachungulia dirishani, akatazama saa, akatazama birika.

"Dakika kumi," akasema. Kisha, taratibu, "Sukari ipo?"