Mji wa Kinyozi

Mjukuu wangu tulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo nyumba haikujua kimya. Ndiyo maana alipoanza kunyamaza tulishtuka hata kabla ya kuona kitu. Asubuhi moja alikuwa anatafuna mkate kwa upande mmoja tu. Baba yake, mwanangu wa pili, ambaye ni kinyozi, akamshika kidevu kama anavyowashika wateja wake. Vidole vyake vimezoea vichwa na mataya ya watu. Vikatambaa, vikasimama chini ya sikio la kushoto.

"Jino hilo," akasema.

Jino gani linavimba hivyo? Wiki haijaisha, uso wa mtoto ulikuwa wa watu wawili, upande mmoja wake na upande mwingine wa mtu nisiyemjua. Hospitali wakakata kinyama kidogo, wakakipima, kisha daktari akatuita. Alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa mama yake. Akatuambia ni limfoma, saratani ya tezi, ile aina yenye haraka.

"Inakua mbio," akasema, "lakini ugonjwa unaokua mbio, dawa nayo huukamata mbio. Uvimbe huu mtauona ukipungua upesi mpaka mshangae. Hapo ndipo nawaomba msidanganyike. Mizunguko ya dawa ni sita. Yote sita."

Tuliitikia wote. Mtu akiwa na hofu huitikia chochote.

Mkwe wangu, mama yake Chiriku, alikuwa na kichanga, hata arobaini hakijafikisha. Kinyozi naye alikuwa na kibanda chake cha kufungua. Basi wodini niliingia mimi, na kanga zangu mbili na chupa ya chai.

Mimi shule yangu ilikuwa ya msingi tu, na katika yote niliyofundishwa, kilichonikaa kichwani sawasawa ni vitendawili. Nikavipeleka wodini. Sheria ni ile ile ya siku zote: ukishindwa kujibu, unatoa mji, aliyetega anauchukua, ndipo anakupa jibu. Chiriku miji ya kweli hakuijua mingi, akawa anaitunga.

"Kitendawili," nikamwambia siku ya kwanza ya dawa.

"Tega." Sauti ilitoka kwa shida, taya halifunguki.

"Mama kaning'inia juu ya mti wa chuma, ananinyonyesha mkononi."

Akatazama juu, kwenye ile chupa ya dripu. "Bibi, hicho ni rahisi. Unaniona mtoto?"

Palikuwa na kitu kimoja alichokiogopa kuliko dripu, nacho ni sindano ya mgongo. Dawa nyingine huwekwa ndani ya maji ya uti wa mgongo, ili ugonjwa usikimbilie kichwani. Mtoto hulazwa ubavu, akakunjwa kama jongoo aliyeguswa, na hatakiwi kutikisika. Mara ya kwanza walimshika watu watatu. Mara ya pili aliniambia mwenyewe, "Bibi, nitegee kigumu. Lakini jibu usilitaje mpaka sindano itoke." Nikamtegea kigumu. Akafumba macho, akawa anafikiri kwa nguvu hata kipaji cha uso kikakunjamana, na muuguzi akamaliza kazi yake. Sindano ilipotoka akasema, "Nimeshindwa. Chukua mji wa watu wasio na nywele." Muuguzi akacheka mpaka akashika meza.

Kwa mzunguko wa pili uvimbe uliisha. Nasema uliisha, siyo ulipungua. Ukipitisha mkono hukuti kitu, taya laini kama la kichanga. Nywele zimekwenda, kweli, na midomo ina vidonda hata maji yanamchoma, lakini uso ulikuwa wake mzima. Akarudi kusema. Tukaruhusiwa kwenda nyumbani kupumzika kabla ya mzunguko wa tatu.

Njiani akaniuliza, "Bibi, uvimbe umekwenda wapi?"

Nilikuwa nimemuuliza daktari hilo hilo. Nikamjibu kwa njia yangu. "Kitendawili."

"Tega."

"Wageni wameaga, nyumba kimya, lakini viatu vyao bado viko mlangoni."

Akafikiri. "Hawajaondoka. Wamejificha chini ya kitanda."

"Basi na uvimbe ni hivyo hivyo. Chembe zake zimejificha, ni ndogo mno. Dawa zilizobaki ni za kufagia chini ya kitanda."

Akajishika mgongo. "Kwa hiyo bado sindano."

"Bado."

Yeye alielewa. Aliyekataa kuelewa ni baba yake.

Kinyozi alimpokea mlangoni, akamshika kidevu, akatambaza vidole chini ya sikio, huku na huku, mara nyingi. Machozi yakamlenga. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini jioni, tulipokwisha kula, akasema bila kututazama, "Jumatatu shule zinafunguliwa. Chiriku ataenda shule."

"Jumatatu ni mzunguko wa tatu," nikasema.

"Mzunguko wa kutibu nini, Mama? Uvimbe uko wapi? Nionyeshe."

"Daktari amesema..."

"Daktari hamsikii usiku akimeza mate. Mimi namsikia. Mtoto amepona, halafu nimpeleke wakamtie sumu tena? Mimi ni baba wa namna gani?"

Nikamtazama mkwe wangu. Akainamia kichanga chake. Nikamwambia mwanangu habari ya mtoto wa kitanda cha dirishani. Huyo alianza dawa kabla yetu. Uvimbe wake uliyeyuka kama wetu, wazazi wakamshukuru Mungu, wakamchukua. Tukiwa mzunguko wa pili alirudishwa amebebwa, uvimbe umepanda mpaka jichoni, na dawa zile zile zilizouyeyusha sasa hazikuutisha tena. Siku chache tu, nikaamka nikakuta godoro lake limekunjwa.

"Huyo ni wa watu," Kinyozi akasema. "Wa kwangu ni wa kwangu." Akainuka, akatoka kwenda kusimama uani.

Nyumba yake, mtoto wake. Mimi ni mama, lakini siwezi kumbeba mtoto wa mtu mgongoni nikaingia naye hospitali kama mwizi. Na wale hospitali wanataka mzazi aweke sahihi.

Jumamosi nikamfuata kibandani. Nilipanga nimwambie maneno makali, niliyapanga njia nzima. Lakini kesho kutwa shule zinafunguliwa, na kibanda kilikuwa kimejaa watoto wa kunyolewa, mama zao wamebanana kwenye benchi. Nikasogezewa nafasi ukutani. Nikakaa, nikaanza kukunja mataulo yake, maana siwezi kukaa bure.

Zamu ikafika ya kitoto kimoja cha kiume, kofia imevutwa mpaka nyusi. Mama yake akaivua. Kichwa kilikuwa na madoa ya mapunye, meupe, kama kilichomwagiwa unga hapa na pale.

Kinyozi akazima mashine. "Dada, huyu si ndiye niliyekutuma umpeleke kliniki mwezi uliopita?"

"Ndiye. Nilienda. Wakatupa vidonge."

"Akamaliza?"

Yule mama akacheka kidogo. "Kinyozi, kichwa kilitakata. Madoa yote yalikwisha, nywele zikaanza kuota. Nikaona nimpumzishe mtoto, vidonge vilikuwa vinamkoroga tumbo."

"Ukampumzisha mtoto." Mwanangu akageuka kwa wale wa benchi kama hakimu. "Mnamsikia? Dada, hukumpumzisha mtoto, uliyapumzisha mapunye. Kichwa kinatakata juu, yenyewe yako chini kwenye shina la unywele, yanakuchungulia. Ukiacha dawa njiani umeyapa likizo. Sasa yamerudi na mashemeji zao."

Benchi zima likacheka. Mzee mmoja akasema, "Na wapangaji." Wakacheka tena. Hata mama mwenyewe akacheka kwa aibu, akimrudishia mtoto kofia.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na taulo mkononi, nusu imekunjwa. Niliinua macho kwenye kioo, nikamkuta mwanangu ananitazama humo humo kiooni. Hakuwa na lile tabasamu alilowapa watu. Tulitazamana hivyo, mimi nimekaa nyuma yake, yeye kasimama na mashine iliyozimwa, mpaka mzee akauliza kama umeme umekatika.

"Nisubirini," akasema.

Tukatoka nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta, mahali anapomwaga nywele. Akawa anapangusa mikono na aproni, ingawa mikono ilikuwa mikavu.

"Umekuja kunisema," akasema.

"Nimekuja kunyolewa. Naona foleni ndefu."

Hakucheka, lakini mabega yalishuka. "Yule wa dirishani. Alikaa muda gani kabla haujarudi?"

"Si mrefu. Wanasema huu ukirudi, hurudi upesi."

"Na wakimaliza zote?"

"Nilimuuliza daktari. Alisema wetu uligunduliwa mapema, na watoto wa namna yake wakimaliza dawa, wengi hupona, wakakua, wakasahau. Nikamuuliza, wote? Akasema, wengi, Bibi. Nikamuuliza tena."

"Akasema nini?"

"Wengi."

Akatikisa kichwa polepole. Upepo ulikuwa unazungusha nywele za watoto wa watu miguuni petu. "Vile vidonda vya mdomo, Mama. Mimi siviwezi."

"Huvipangusi wewe, baba. Navipangusa mimi. Wewe weka sahihi."

"Hapana," akasema. Kisha akamaliza: "Safari hii nakwenda mwenyewe."

Jumatatu kibanda kikafungwa, siku ambayo kinyozi mwenye akili hafungi. Tulikwenda watatu. Damu ikapimwa, ikakubali, maana ikiwa dhaifu dawa haitiwi. Ilipofika sindano ya mgongo, muuguzi akamwambia baba mtu amshike mabega na magoti, amkunje, asimwachie. Nilimwona mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu, anatetemeka kuliko mtoto.

"Baba, nitegee," Chiriku akasema, kidevu kimegusa kifua.

"Mimi sijui hayo mambo. Bibi ndiye anajua."

"Bibi nimechoka naye, anarudia. Nitegee wewe."

Nikageuza uso dirishani. Kweli, huwa narudia.

Muuguzi akapaka spiriti, harufu ikajaa chumba. Ndipo nikamsikia mwanangu, sauti chini, mdomo karibu na sikio la mtoto. "Kitendawili."

"Tega."

"Kila siku navuna shamba la watu. Mavuno nayatupa, na wenyewe hunishukuru."

Kitendawili chepesi hicho hata kichanga cha nyumbani kingejibu. Chiriku hakujibu. Alifumba macho, akakunja kipaji, akafikiri. Sindano ikaingia, akavuta pumzi, baba yake akavuta pumzi naye. Haikuwa haraka. Ilipotoka, na pamba ikabandikwa, ndipo akafumbua jicho moja.

"Ni wewe," akasema.

Mizunguko sita tukaimaliza. Sitasema ilikuwa rahisi. Wa nne alipata homa, tukakaa wodini siku ambazo sikuzihesabu, na wa tano damu ilikataa, tukarudishwa nyumbani kungoja. Kwenye kitanda cha dirishani walipita watoto wengine, mmoja akaenda kwao akiimba. Siku ya mwisho daktari alisema sasa ni kliniki, kila mwezi, kisha kwa nafasi zaidi, na kwamba mwaka wa kwanza ndio wa kuangaliwa sana. Nikamuuliza kama amepona. Akanishika mkono. "Leo hana kitu, Bibi. Tuichukue leo."

Sasa tuko katikati ya huo mwaka. Nywele zimerudi, laini, za rangi ambayo hakuwa nayo. Baba yake hajazigusa kwa mashine, anasema zinataka kukomaa. Lakini kila asubuhi, kabla mtoto hajavaa viatu vya shule, humshika kidevu, akatambaza vidole chini ya sikio la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Mkwe wangu huacha alichokuwa anafanya. Mimi hushika chai yangu bila kunywa. Hata kichanga, ambacho sasa kinakaa chenyewe, hututazama.

Jana alichelewesha mkono kuliko siku zote. Alirudi pale pale, akabonyeza, akarudi tena. Chiriku alivumilia, begi mgongoni.

"Baba," akasema mwishowe, "umetafuta hujaona. Umeshindwa. Nipe mji."

Mwanangu hakuondoa mkono upesi. "Chukua mji wa kinyozi," akasema. "Una viti viwili na kioo kimoja."

"Naukubali," akasema Chiriku, akatoka mbio. Tukamsikia anasema peke yake njia nzima, mpaka sauti ikapotea kwenye kona.