Daftari la Mwasho

Mtoto wa dada yangu ana miaka minne na watu wote wanamwita Bosi, kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kuniomba kitu. Anaagiza. Kutwa anashinda nasi saluni, kwenye kigoda kati ya kioo na ndoo ya kuoshea vitana, anakagua kazi. Mteja akinyanyuka kabla hajamalizwa, Bosi anamwambia, "Kaa, bado," na mteja anakaa.

Kwa hiyo Bosi alipoanza kuvimba, saluni nzima ilishikwa na homa.

Vilianza vipele shingoni, vinakuja bila hodi na kuondoka bila kuaga. Mara midomo imetuna, mara anajikuna macho, mara anapiga chafya kumi mfululizo halafu anatutazama kana kwamba sisi ndio tuliopiga. Wateja wakageuka madaktari. Aliyekuwa akisukwa rasta alisema ni joto. Wa dawa ya nywele alisema ni minyoo. Mwalimu mstaafu, ambaye huja kila Jumamosi kupaka rangi mvi anazosema hana, akasema ni paka wetu.

"Paka mwenyewe hamgusi mtoto," dada akasema. "Anamwogopa."

"Ndiyo ubaya wake," mwalimu akajibu. "Anafanyia mbali."

Dada akampeleka hospitali ya mtaa wa pili. Huko muuguzi mmoja mfupi, miwani imening'inia shingoni, akamwambia huenda mtoto ana mzio, yaani mwili wake unagombana na kitu ambacho wenzake wanakula au wanagusa bila shida. Kitu gani, hajui bado. Akatoa masharti: tuandike kila kinachoingia mdomoni mwa mtoto, kila anachogusa, na saa vipele vinapotoka. Wiki mbili. Tusimkataze chakula kwa kubahatisha. Na akikohoa ghafla au sauti ikibadilika, wiki mbili zisahaulike, tukimbie.

Dada alirudi na daftari jipya, akaniwekea mapajani.

"Wewe ndiye mwenye kidato cha nne humu ndani," akasema. "Hicho cheti nacho kifanye kazi, hata kwa wiki mbili."

Nilikitendea haki. Nilipiga mistari kwa rula. Chakula kwa wino wa bluu, vipele kwa mwekundu. Na kwa kuwa kazi ya ofisi inatia njaa, pembeni ya daftari niliweka kikopo changu cha karanga za kukaanga, niwe natupia moja moja nikifikiri. Bosi alikaa mapajani pangu kusimamia.

*Saa tatu: uji, vijiko tisa. Saa nne: amelamba kioo. Saa nne na robo: amelamba kioo tena, baada ya kukatazwa. Saa tano kasoro: vipele shavuni. Mtuhumiwa: kioo.*

Siku ya tano nikapata mtuhumiwa wa maana zaidi. Kila Jumatatu bibi yake Bosi, mama mkwe wa dada, huleta mayai sita ya kuku wake mwenyewe, yamefungwa moja moja kwenye gazeti. Nikapekua kurasa. Mayai yalikutwa eneo la tukio mara tatu. Nikayapigia mistari miwili.

Dada, aliyeambiwa asibahatishe, akabahatisha. Mayai yakasimamishwa. Kesho yake maziwa. Keshokutwa sabuni ya kunukia, na paka akahamishiwa kwa fundi viatu wa jirani, ambako alinenepa. Bibi alipokuja Jumatatu na furushi lake, ikabidi aelezwe.

"Mayai yangu yamefanya nini?" akauliza, amesimama mlangoni.

"Yameonekana, mama," nikamjibu. "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa."

"Yameonekana na nani?"

"Yameandikwa humu."

Akalitazama daftari, kisha akanitazama mimi. "Nimelea watoto sita kwa mayai haya. Wewe umelea wangapi kwa hilo daftari?"

Dada akajifanya anatafuta kitana. Bibi akakunja furushi lake, akaondoka, na Bosi akalia mpaka akashikwa na kwikwi. Nikaandika: *Saa sita: kwikwi. Sababu: bibi.*

Kufikia siku ya kumi mtoto alikuwa amenyang'anywa karibu kila kitu duniani. Alibakiwa na uji, wali mtupu na mimi. Vipele viliongezeka. Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza swali, lakini mimi nilikuwa bize na rula.

Jumamosi ile saluni ilijaa. Dada alikuwa na kichwa cha bibi harusi mikononi, na mwalimu mstaafu alikaa pembeni, nusu ya kichwa imepakwa rangi. Bosi aligoma kula. Hakuna wa kumlaumu, hata mimi ningeugomea uji ule. Nikatumia mbinu yangu ya siku zote: kijiko kimoja changu, kimoja chake. Nilikuwa bado natafuna karanga. Nikaonja, nikachota kwa kijiko kilekile, nikampa.

Baada ya dakika chache Bosi alikohoa. Akakohoa tena. Midomo ikatuna, akajishika shingo, akaniambia kwa sauti nzito, kama ya mzee aliyevuta sigara miaka hamsini:

"Mama mdogo, naomba maji."

Naomba. Kalamu ikaniponyoka.

"Dada," nikaita. "Bosi ameomba."

Dada aliacha kichwa cha bibi harusi kikiwa nusu. Mwalimu mstaafu akainuka na rangi yake, akachukua funguo za gari. "Twende, mnashangaa nini," akasema, na njia nzima rangi ikamtiririka sikioni bila yeye kuigusa. Mimi nilikaa nyuma nimempakata Bosi, nasikiliza kifua chake kikipiga filimbi. Sikuwa na utani hata mmoja.

Hospitali walimchoma sindano pajani, wakamwekea hewa. Nikahesabu pumzi zake hadi filimbi ikanyamaza. Alipoanza kumkemea daktari kwa kumgusa mguu, dada aliketi sakafuni akalia.

Yule muuguzi akavaa miwani. "Daftari liko wapi?"

Nilikuja nalo kwapani. Nikampa, kwa fahari kidogo, sitakataa. Akafungua ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. Kitu kikamdondokea mapajani: ganda jembamba jekundu. Akafungua wa tatu, yakadondoka mengine. Akalitikisa daftari, maganda ya karanga yakamwagika kwenye meza yake safi.

"Mtoto anakula karanga?"

"Hapana. Hajawahi. Angalia, hazimo."

"Sasa hizi nani amekula?"

"Mimi."

"Ukimlisha?"

"Nikiandika. Na... ndiyo, nikimlisha. Kijiko kimoja."

"Umejiandika wapi, binti?"

Nikasema lilikuwa daftari la mtoto. Dada, pale sakafuni, aliacha kulia ili anitazame vizuri.

Wiki kadhaa baadaye walimpima, vitone vidogo vya kuchoma kwenye ngozi ya mkono. Cha karanga kilivimba kama sarafu. Cha yai kimya. Cha maziwa kimya, cha paka kimya. Tukapewa sindano ya dharura, inakaa droo ya juu saluni, na sote tumefundishwa kuichoma, hata mwalimu mstaafu. Tunasoma maandishi madogo kwenye kila pakiti. Mlangoni kuna tangazo: karanga nje.

Kuomba radhi nilitumwa mimi. Bibi alinipokea vizuri mno, akanipa kiti, akaniambia nimsomee daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti. Nilipofika kwenye kwikwi akanirudisha nyuma nisome tena. Mwisho akanipa kalamu yangu mwenyewe.

"Andika aliyepatikana na hatia," akasema. "Kwa wino mwekundu."

Jumatatu mayai yalirudi, sita, na Bosi akala mawili papo hapo.

Siku hizi nikifika saluni nakuta kigoda kimehamishiwa mlangoni.

"Mikono."

Nanyoosha. Anainusa, anaigeuza, anainusa tena. Nimeshaosha nyumbani kwa sabuni, nimeosha tena bombani, karanga sijazila tangu siku ile.

"Kaoshe," anasema Bosi.

Hajaomba. Nakwenda kuosha, nafurahi.