Marehemu Aliyekuja Kunywa Chai

Nilichonga jina la mtu aliye hai kwenye jiwe la wafu. Mtu mwenyewe ni mjomba wa mke wangu.

Jiwe lilikuwa la manowari iliyozama vitani miaka arobaini na moja iliyopita, ikaondoka na watu sitini na wanne. Kamati ya kumbukumbu iliniletea orodha ya waliokufa, nami nikachonga kama ilivyoandikwa. Jina la mjomba sikulitambua. Tangu nioe nasikia kila mtu anamwita Mpishi, hata mke wangu.

Alipita karakana kunywa chai kama kawaida yake. Akavaa miwani, akaanza kusoma jiwe kutoka juu, kidole kikifuata mistari. Kwenye mstari wa arobaini kidole kikasimama.

"Mkwe," akasema, "nimekufa lini?"

Nikadhani ananitania. Akatoa kitambulisho chake, tukalinganisha herufi kwa herufi. Ni yeye.

Akakaa juu ya gunia la mchanga, akanieleza. Ndiye aliyekuwa mpishi wa manowari ile. Asubuhi ya safari jino lilimuuma mpaka akashindwa kuonja supu. Mwosha sufuria mmoja wa bandarini, waliyemwita Kijiko kwa sababu hakutembea bila kijiko mfukoni, akajitolea kwenda badala yake. Mpishi akamwazima kadi yake ya kupandia meli. Askari wa ngazini alihesabu kadi, sura hakutazama. Meli ikazama siku ya tatu.

"Barua ya rambirambi ilinikuta nyumbani nakula," akasema. "Niliisoma mwenyewe. Walinisifu vizuri, sikatai."

"Mbona hukuwaambia, mjomba?"

"Kuazima kadi wakati wa vita ilikuwa jela. Nikanyamaza, nikazoea." Akaligusa jiwe. "Lakini sikujua wataniandika hapa. Hapa ni pa Kijiko, mkwe. Nimemkalia."

Tukaenda wote kwa katibu wa kamati. Nikamwambia ukweli wa kazi: jina la kwenye jiwe halifutwi peke yake, litaacha shimo. Lazima nisage uso mzima, nichonge yote upya.

Katibu akanivuta pembeni. "Mzee ana miaka mingapi?"

"Sabini na tisa."

"Basi tuvute subira kidogo, fundi. Jiwe litakuja kuwa sahihi lenyewe."

"Nimesikia," akasema Mpishi. "Masikio bado ni ya mtu hai. Na haraka sina."

Katibu akacheka, ila hakulegea. Akauliza jina halisi la huyo Kijiko. Mpishi hakulijua. Kijiko aliwaoshea vyombo, akala nao, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mzee wangu, jiwe kama lile haliandikwi jina la utani."

"Sawa. Basi siku ya uzinduzi nitawahi, nimevaa suti, nisimame chini ya jina langu. Wageni wakipita nitawashukuru kwa kunikumbuka."

Katibu akashika tama. Mwishowe akasukuma karatasi mezani, akamwambia Mpishi aandike yote, jino na kadi, kisha atie sahihi. Aliandika mpaka mwisho, akatia sahihi.

"Nikifungwa niletee chai," akaniambia tulipotoka. "Ya jela nasikia haina sukari."

Hakufungwa. Siku ya uzinduzi alikaa mstari wa mbele, kijiko kikiwa kimechomoza kwenye mfuko wa koti, akawa anamweleza kila aliyekaa karibu naye kwamba ile sehemu ya chini ya jiwe imechongwa vizuri kuliko ya juu. Si kweli. Zote nimezichonga sawa.

Kazi ile ilinigharimu siku kumi na tisa, patasi nne, na milimita tano za unene wa jiwe. Majina sitini na matatu niliyachonga mara mbili. La sitini na nne, herufi sita, mara moja.