Mwenyeji Hayupo

Bi Kasia alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha chumba namba mbili, anafagia mchanga. Mchanga wa wageni hauishi. Wanarudi nao miguuni, mifukoni, hata masikioni, kisha wanalalamika kwamba shuka zinawasha. Alikuwa ameshakung'uta chandarua na kujaza ndoo ya kuogea. Maji yalikuwa yanaanza kujaa, na baada ya saa moja mtumbwi ungepita kwenye mikoko bila kukwama kwenye mizizi. Wageni wa leo, bwana na bibi waliokuja kutazama ndege, walikuwa barazani wanakunywa chai na kunyang'anyana darubini.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu: viwili vya wageni, kimoja chake na wifi yake. Aliijenga na marehemu mumewe kwenye kiwanja alipozaliwa Bi Kasia mwenyewe, na kabla yake baba yake. Juu ya mlango waliandika, kwa rangi ya mashua iliyobaki: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Jina la Kasia alijitakia mwenyewe kwa utani wake. Wengine husema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Yeye siku ya tatu alimpa mgeni kasia, akamwambia haya, vuta. Wageni walicheka, na mwaka uliofuata wakarudi.

"Wifi!" sauti ilitoka nje. "Mlango umebandikwa karatasi!"

"Kama ni tangazo la dawa ya panya, bandua."

"Si la panya. Lina muhuri."

Bi Kasia alitoka na ufagio mkononi. Karatasi ilisema ufukwe wote umetengwa kwa hifadhi ya mikoko na utalii wa mazingira. Wenyeji walioandikishwa watabaki kwenye viwanja vyao. Nyumba zisizo na mwenyeji zitaondolewa katika siku kumi na nne. Chini, mbele ya namba ya nyumba yake, mtu alikuwa amejaza kwa kalamu: *Mwenyeji: hayupo. Waliokutwa: wageni watatu.*

Alisoma. Akasoma tena, akifuatisha kwa kidole. Maneno yalibaki yaleyale. Alipogeuka alimkuta wifi yake ameketi sakafuni, kiganja mdomoni.

"Wifi, ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyesema."

Mwezi uliopita mpimaji wa ardhi alilala chumba namba mbili siku nne nzima. Siku ya tatu Bi Kasia alimpakia mtumbwini, akampa kasia kama kawaida, akamzungusha mikokoni. Karani wa mpimaji alibaki barazani na fomu zake.

"Aliniuliza mwenyeji yuko wapi. Nikamwambia mwenyeji hayupo, kaenda mikokoni. Akauliza wale wawili waliokuwa wanaoga ni nani. Nikasema wageni hao. Akaniuliza, na wewe je?" Wifi aliitazama ile karatasi. "Nikasema mimi nami mgeni tu, nimekuja kumsaidia wifi yangu."

"Una miaka kumi na moja hapa!"

"Sasa ningesemaje? Ningejiita mwenyeji kwenye nyumba yako, ungenicheka mpaka leo."

Ni kweli, angemcheka. Mtu mwenye adabu hajiiti mwenyeji kwenye nyumba ya mwenzake hata akiwa yeye ndiye anayewasha jiko kila asubuhi. Karani naye analijua hilo, maana amelelewa na watu. Lakini alipokuwa na kalamu mkononi alijifanya halijui.

"Samahani," mgeni bwana aliita, "mikokoni tunakwenda au hatuendi?"

"Wifi atawapeleka," alisema Bi Kasia. Aliingia ndani, akavua kanga yenye vumbi, akafunga safi, akachukua kitabu cha wageni na kukitia kwapani.

Kwenye ofisi ya ardhi, karani yuleyule alikuwa anachonga penseli. Alimtambua, hata akatabasamu.

"Karibu, Bi Kasia. Samaki wako bado nawakumbuka."

"Mmeandika nyumba yangu haina mwenyeji."

"Kama kuna kosa, mnakata rufaa. Fomu hii hapa. Anayejaza ni mwenyeji."

"Ndiye mimi. Lete kalamu."

Karani alifungua daftari, akashuka na kidole. "Huku mwenyeji hayupo."

"Si huyu nimesimama mbele yako?"

"Nakuona, mama. Ila mimi nafuata kilichoandikwa."

"Umeandika wewe!"

"Ndiyo maana siwezi kukibishia."

Bi Kasia alidhani ni mzaha, akangoja acheke. Hakucheka. Basi akafungua kitabu cha wageni kwenye ukurasa wa mwezi uliopita, mahali mpimaji alipoandika kwa mkono wake, na kutia sahihi: *Sijapata kuona mwenyeji mkarimu kama Bi Kasia, aliyezaliwa kwenye kiwanja hikihiki.*

Karani alisoma mpaka mwisho. Kisha akakifunga, akatazama jalada.

"Hiki ni kitabu cha wageni," alisema. "Jina lenyewe linasema."

Hapo ndipo Bi Kasia alipoinua macho, akaona ramani mpya ukutani. Mahali pa nyumba yake pamechorwa vibanda, pameandikwa *Malazi, vyumba ishirini*. Kutoka hapo mstari wa bluu uliingia mikokoni: *Njia ya mitumbwi*. Aliufuata kwa macho. Kona ya kwanza, penye mkoko uliolala. Kona ya pili, wanapolala korongo. Kisha mchepuko mdogo kwenda pwani ya nyuma, kasa wanapotaga. Mchepuko huo alionyeshwa na baba yake, na yeye hakumwonyesha kila mgeni. Alimwonyesha mpimaji kwa sababu alikuwa mpole na alivuta kasia vizuri.

Alichukua kitabu chake akaondoka.

Alasiri wifi alirudi na wageni, wamelowa, wamefurahi, wameona korongo kumi na wanne. Bi Kasia alikuwa amekaa barazani, hajapika wala hajavua ile kanga safi. Wifi alikaa karibu naye, hakuthubutu kumgusa.

Simu ililia. Alikuwa mpimaji.

"Bi Kasia! Hujambo? Kesho tunakuja kuweka mawe ya mpaka, tuko wanne. Tuandalie vyumba vyote viwili, na mtumbwi uwe tayari, wenzangu nao wawaone kasa. Si unajua huko hakuna pengine pa kulala."

Bi Kasia alitazama juu, kwenye maandishi ya mlango.

"Haiwezekani," alisema. "Mwenyeji hayupo."

Mpimaji alicheka. "Hayupo? Sasa hapa naongea na nani?"

"Na mgeni," alisema, akakata simu.