Harufu ya Samaki Nyumbani kwa Bibi Arlys

Mjomba Duane ana ugonjwa mmoja: kitu kikimkatalia, hutafuta kikubwa zaidi. Mlango ukikwama, nyundo. Gari likizama thelujini, trekta. Basi breka ya jikoni kwa Bibi Arlys, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ilipozoea kujikata kila tukichomeka sufuria la pili la umeme, mjomba alishuka chini ya nyumba kwenye boksi la umeme, akang'oa ile ya ampia kumi na tano, akapachika ya thelathini. Akapanda ngazi anajifuta mikono kama daktari aliyezalisha mapacha.

"Imenyamaza hiyo," alisema.

Na kweli ilinyamaza. Balaa lenyewe likaanzia hapo.

Ilikuwa Jumapili ya Januari, bibi anatimiza miaka themanini, na Dakota Kaskazini yote imeganda kiasi kwamba ukitema mate yanagonga chini. Huku kwetu mgeni haji mikono mitupu. Kila mmoja huingia amekumbatia sufuria lake la umeme kama kichanga, na kila sufuria hudai tundu la ukutani. Mchana ule masufuria manne yalikuwa yanatokota kwa pamoja jikoni. Upande wa pili wa ukuta uleule bibi alikuwa kajilaza, hita ikimpasha miguu na mashine ya oksijeni ikimpulizia puani. Mapafu yake yalishaacha kuifanya kazi hiyo peke yao.

Nilikuwa naiba donge la nyama iliponijia harufu. Samaki.

"Nani kaleta samaki wa magadi?" niliuliza.

Sisi Wanorwei wa huku, sherehe bila samaki aliyelowekwa magadi hadi akawa kama kamasi, si sherehe. Ananuka, tunamlaumu, tunamla.

"LaVonne huyo," alisema mjomba. "Kila mwaka anatutesa."

"Mimi? Mimi nimeleta maharage!" Mama mkubwa LaVonne alimrushia kitambaa cha vyombo. "Nilijua ni wewe. Koti lako si ndivyo linavyonuka siku zote?"

Wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikafunua sufuria la kwanza. Nyama. La pili, maharage. La tatu, supu. La nne, viazi na jibini.

"We Britta, funika! Mvuke wote unakwisha!"

"Mama mkubwa, samaki hayumo."

"Basi yuko kwenye friji."

Nikafungua friji. Hayumo.

Nilisogelea ukuta, na harufu ikazidi. Kifuniko cha tundu la umeme kilikuwa kimegeuka rangi ya chai. Nikaweka kiganja juu yake kidogo. Ukuta ulikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa, na hapo nikakumbuka karakana ya shule: plastiki ya umeme ikianza kuiva ndani ya ukuta, hunuka samaki.

"Mjomba, ukuta unaungua."

"Ungekuwa unaungua, breka ingejikata."

"Breka ipi? Hiyo uliyoweka wewe?"

Akageuza macho kwenye ngazi ya kushukia chini.

"Breka hailindi sufuria, mjomba. Inalinda waya. Waya wa humu ukutani ni mwembamba, wa ampia kumi na tano. Wewe umeupa mlinzi anayelala mpaka thelathini."

Nikakimbilia ngazi. Akanidaka mkono.

"Usizime! Mashine ya mama iko kwenye waya huohuo!"

"Mtungi wake wa akiba uko wapi?"

"Kwenye gari langu. Tangu tulipotoka kliniki." Alikuwa ameshageukia mlango. "Naufuata."

"Uulete ndani, kwenye moto? Oksijeni? Mpeleke bibi kwenye mtungi!"

Tukaingia chumbani. Nyuma ya kitanda moshi mwembamba ulikuwa unapanda, mwembamba kama wa sigara iliyosahaulika. Mjomba alimnyanyua bibi pamoja na mablanketi yake. Mimi nikazima mashine na kumtoa mrija puani.

"Mnanipeleka wapi na soksi hizi?" aliuliza bibi.

"Nje, mama."

"Keki je?"

"Mama mkubwa!" nilipaza sauti. "Shuka uzime swichi kubwa! Umeme wote! Halafu watoe watu, uwaite zimamoto!"

Kutoka mlangoni hadi kwenye gari si mbali, lakini mjomba alikuwa amebeba mtu juu ya barafu, akinyata kama mwizi wa mayai. Bibi hakuuliza tena kitu. Nilipomwangalia, midomo yake ilikuwa inageuka bluu.

Mtungi ulikuwa nyuma ya kiti. Valvu imekaza kwa baridi. Nikazungusha kwa vidole vitupu, chuma kikaning'ang'ania ngozi, valvu haikusogea.

"Fungua, Britta," mjomba alisema, sauti nyembamba sijawahi kuisikia kwake. "Fungua, mwanangu, nakuomba."

Nikavua soksi yangu moja, nikaizungushia valvu, nikakaza meno. Ikalia kwi, kisha ikatoa ule mvumo mdogo. Nikamwekea bibi mrija wa mtungi. Kifua kimetulia. Kimetulia bado. Halafu kikapanda.

Zimamoto, majirani zetu tu waliovaa kofia nzito, walitoboa ule ukuta kwa shoka. Waya ulikuwa mweusi, umevua gamba lake kama nyoka, na mbao zilizouzunguka zilishakuwa mkaa. Hawakuhitaji maji mengi. Mkubwa wao alishuka chini ya nyumba, akarudi na breka kiganjani, akaja hadi kwenye dirisha la gari la mjomba.

"Nani aliiweka hii?"

Mama mkubwa LaVonne, aliyesimama kando ya gari, akatazama theluji. Mimi nikatazama mguu wangu mtupu.

Mjomba Duane alikuwa amepiga magoti kati ya viti, ameushika mrija wa oksijeni kwa mikono yote miwili, ijapokuwa nilishamwambia mara kadhaa kwamba unajishika wenyewe. Alikuwa anakitazama kifua cha mama yake kikipanda na kushuka.

"Mimi," alisema, bila kugeuka. "Andika mimi."